Aliyelishika Gari Langu kwa Mkono Mmoja

Ukitaka kuniita mwongo, niite sasa hivi tumalizane. Ameniita hivyo mchungaji wangu, wameniita hivyo mafundi wa mtaa wetu wa Gudele, na binti yangu Nekesa ameniita hivyo kwenye simu, tena akicheka. Sibadilishi neno. Jambo hili lilinipata mchana kweupe, saa saba, na nilikuwa na shahidi.

Shahidi mwenyewe ni mke wangu, Roda. Wakati ule jicho lake la kushoto lilikuwa linakufa kwa presha ya jicho. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja Nimule, mji wa mpakani, kwa siku chache, na siku hiyo, ya mwisho kwao, walisema wangefunga kazi saa kumi jioni. Akipasuliwa, angebaki na mwanga aliokuwa nao. Asipopasuliwa, basi tena. Roda alitaka apande basi la alfajiri. Mimi nikamjibu kwa kiburi, "Mke wangu apande basi, na gari liko uani?"

Sasa sikia habari za gari hilo. Lilikuwa gari kuukuu la porini, la aina ile isiyokalia springi za chuma bali mifuko ya mpira iliyojazwa hewa. Injini ikiwaka, kompresa inapuliza na gari linainuka kama ngamia. Hewa ikivuja, linalala. Mimi ni mtu wa Busia niliyekuja Juba kutunza stoo za watu. Nilipostaafu nikanunua spana na kujiita fundi. Thamostati niliing'oa nikasema nchi ya joto haiihitaji. Rejeta niliiziba tundu kwa sabuni ya kipande na kuijaza maji ya mto, tope na yote. Paipu za hewa nilizifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Nani alinilazimisha? Hakuna. Makosa yote hayo ni yangu.

Jirani yangu Wani, fundi kweli kweli, alinionya mara nyingi. "Mzee, hilo gari halina mifupa. Usilale chini yake kabla hujasukumia tairi la akiba chini ya chasisi. Likishuka, lishukie tairi." Kila fundi wa Juba anafanya hivyo, hata mlevi. Lakini asubuhi ile ya safari tairi la akiba nililiacha nyumbani kwa sababu nilihitaji nafasi ya madumu ya maji. Rejeta ilikuwa inakunywa kuliko ng'ombe.

Tuliondoka saa tano na nusu, kwa sababu nilikuwa bado nakaza hiki na kulegeza kile. Roda alikaa mbele, mkoba mapajani. Tulipopita kijiji cha Nesitu mshale wa joto ulianza kupanda. Nikajifanya sijauona. Ulipogusa alama nyekundu nikazima injini, na hapo ndipo upande wa kushoto ulipotoa pumzi ndefu, fyuuu, gari likainama. Paipu ya hewa ilikuwa imechomoka.

Nikafungua boneti. Maji yalikuwa yanaunguruma ndani ya rejeta. Barabara ile haikosi malori, niamini, lakini saa ile hapakuwa na lori, boda boda wala mbuzi. Palikuwa na jua tu.

Ndipo akaja yule mtu. Alikuwa wa makamo, mabega mapana, amevaa ovaroli ya buluu. Sikuona alikotokea. Nilichokiona ni kwamba uso wake ulikuwa mkavu. Mimi nimelowa kama nimetoka mtoni, yeye hana hata tone.

"Salaam takum," akatusalimia.

Nikaitikia. Akaweka kiganja juu ya mfuniko wa rejeta, mfuniko ambao ungekuchuna ngozi ukiugusa, na maji yakanyamaza. Nikachungulia ndani ya gari. Mshale ulikuwa umeshuka hadi chini.

"Bado paipu," akasema. "Ingia uifunge. Dakika moja tu."

"Sina tairi la akiba."

"Mafi mushkila, mzee." Ndivyo wanavyosema hapa, hakuna shida. "Mimi nitalishika."

Akashika ukingo wa bodi juu ya gurudumu kwa mkono mmoja, akainua. Gari likapanda lote, tani mbili na ushee, bila jeki, bila kompresa.

Utaniuliza, hukukimbia? Sikukimbia. Nilitazama saa. Nilihesabu kwamba tukiondoka wakati ule tungefika kabla ya saa kumi, na hakuna mtu ambaye angejua kwamba mzee huyu alikwama. Kiburi kina haraka kuliko woga. Nikavua shati, nikatandika gunia, nikalala chali. Kichwa na mabega yalikuwa yameshaingia chini ya gari niliposikia sauti ya Roda.

"Baba Nekesa, toka!"

"Tunachelewa, mama."

"Toka, nasema!"

Roda hutazama watu kwa kugeuza shingo, ili jicho lake zima lifanye kazi, na alikuwa ameteremka akazunguka hadi nyuma ya gari. Akishtuka, Kiswahili chake huvunjika. "Huyu mutu, mimi iko naona yeye kwa ubavu. Hana!"

"Hana nini?"

"Hana ndani!"

Nikajisukuma nje. Kutoka mbele alikuwa mwanamume mwenye kifua kipana. Nikaenda aliposimama Roda, nikatazama. Kuanzia kola hadi mkanda, mtu yule alikuwa na unene wa chapati. Mgongo na kifua vilikuwa vimegusana.

Hapa lazima nikiri jambo ambalo Roda hakulijua. Mfanyabiashara wa soko la Konyo Konyo aliyeniuzia gari hakunidanganya. Aliniambia wazi kwamba bei ilikuwa ya kutupa kwa sababu fundi mmoja alilala chini yake kufunga paipu ya hewa, likamlalia, akafa. Nilicheka. Nikalipa, nikalileta nyumbani, na mke wangu sikumwambia.

"Ingia, mzee," akasema yule mtu, mkono bado umeshika gari. "Jicho la mama linangoja."

Nani alimwambia habari za jicho? Niliogopa, sikatai. Lakini chini ya woga ule kulikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyosema.

"Siingii. Jicho ni la mke wangu, na mimi ndiye nitakayemjibu. Wewe halikuhusu. Kama unataka paipu ifungwe, ingia wewe."

Akanitazama bila chuki, kama fundi anavyomtazama mteja asiyeelewa.

"Mimi nimeshaingia," akasema, akaachia.

Gari lilianguka chasisi ikapiga changarawe. Vumbi lilipotulia hapakuwa na mtu, na rejeta ikalipuka, maji ya moto yakaruka hadi barabarani.

Lori la kwanza lilipita saa kumi kasoro. Dereva, Mganda mmoja mwema, alituchukua hadi Nimule tukafika usiku. Madaktari walikuwa wameondoka. Jicho la kushoto la Roda sasa ni giza tupu. Sikuliharibu kwa kukataa kuingia chini ya gari, hilo nitalirudia mbele ya mtu yeyote. Nililiharibu alfajiri ile, nilipomnyima mke wangu kiti cha basi. Yeye hajanilaumu hata siku moja. Husema tu, "Lililobaki linatosha kukuchunga," akacheka, nami nashindwa kula.

Gari nililivuta hadi Gudele. Mifuko yote ya hewa niliipasua kwa kisu, betri nikaitoa. Hata hivyo, baadhi ya asubuhi nalikuta limesimama juu, limeinuka kabisa, kana kwamba kuna anayelishika. Wanunuzi huja na fedha zao. Nawafukuza, asije mwingine akalala chini yake. Wani ananiambia nihame. Sihami. Naweka kiti changu mbele ya gari hilo, nakunywa chai, nalitazama hadi lilale lenyewe.

Kwa hiyo cheka, lakini nisikilize. Gari bovu ni bovu. Usimfiche mkeo ubovu wake, wala usimpandishe humo mgonjwa ili watu wakuone. Na ukikwama barabarani, akaja mtu mpole asiyetoka jasho, akakuambia ni dakika moja tu, mwombe kwanza ageuke ubavu. Akikataa, mshike mgonjwa wako mkono, mwanze kutembea. Heri mchelewe.