Josho Lililofichwa kwenye Mkono wa Shati

Sare zangu zote za shule ya msingi alizishona Dorotea Keraryo, fundi cherehani wa Mwisenge, mjini Musoma. Hakuna aliyejua wakati ule, hata yeye mwenyewe, kwamba mikono ya mashati yetu ilikatwa kwa kufuata kipande cha ramani ya nyumbani kwao.

Fundi wa sare anahitaji karatasi ngumu ya kuchorea vipimo. Wengi hutumia mifuko ya saruji. Dorotea alipata bahati: shule moja ilipokuwa inasafisha stoo yake, aliuziwa bunda la ramani za zamani kwa bei ya karatasi chakavu. Za juu zilionyesha nchi asizozijua, akaamini zote ni hivyo. Akazigeuza upande mweupe, akachora kola, mifuko na mikono, akavikata na kuvitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Zilizobaki, pamoja na zile zilizotobolewa na mkasi, alizisukumia chini ya meza.

Dorotea alizaliwa chini ya kilima cha Nyabwiru, upande wa Butiama. Baba yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, akazikwa kando ya lango la zizi, kama ilivyokuwa desturi ya kwao kwa mwenye mji. Mwaka 1974, watoto wakiwa bado wadogo mno kukumbuka mahali, familia zote za kilimani zilihamishiwa kwenye kijiji kipya. Lori lilibeba kilichoenea. Jiwe la kusagia ulezi halikuenea, kwa hiyo mama yake, Nyangi, aliliviringisha hadi juu ya kaburi liwe alama. Baadaye mama alirudi kwa ndugu zake Bunda, na hadi leo anaishi Nyasura. Macho yake hayaoni tena.

Watoto walilitafuta kaburi hilo kwa miaka mingi. Maelekezo ya mama hayakuwahi kubadilika: mji wao ulikuwa chini ya josho, ng'ombe wakitoka kuogeshwa dawa ya kupe wanateremka moja kwa moja hadi zizini. Basi wakaenda kwenye josho, lile la kando ya barabara, wakakuta mashamba ya mihogo na hakuna jiwe. Kwa wafugaji josho ndilo kipimo cha kila kitu. Ukiuliza njia ya kwenda harusini utaambiwa ni kabla ya josho au ukishapita josho. Haikumjia mtu yeyote akilini kuuliza ni josho lipi. Siku moja walimpeleka mama pale. Akatembea kidogo, akasema hapa ni tambarare, kwao mguu ulikuwaga unateremka. Wakadhani ni uzee.

Januari hii kaka yake Dorotea, Makongoro, aliamua kulimaliza jambo hilo. Alitengenezesha msalaba wa saruji wenye jina la baba, akamwomba katekista aje Jumamosi kuubariki. Ungesimikwa pale pale kando ya josho, kama kumbukumbu tu. Dorotea alikubali kwa mdomo, lakini moyo ulimuuma. Mama yake angepiga magoti kwenye mihogo ya watu, akiamini yuko kwa mumewe.

Jumatano ya wiki hiyo wateja walikuwa wengi, kwa kuwa shule zilikuwa zimefunguliwa. Dorotea alivuta karatasi chini ya meza ili achore kola kubwa zaidi. Ilitoka ikiwa imegeuka, upande wa ramani juu, na jicho lake likatua kwenye neno Nyabwiru.

Aliacha mkasi. Alimwambia mteja asubiri, kisha akasahau kwamba kuna mteja. Shuleni, hadi kidato cha nne, hakuna somo alilolipenda kama kusoma ramani, na sasa vidole vyake vilikumbuka kila kitu. Mistari ya kahawia iliyobanana ilikuwa mteremko mkali. Mstari wa buluu uliokatika-katika ulikuwa kijito cha msimu. Vidoto vyeusi vilikuwa nyumba za watu. Pembeni mwaka wa kuchapwa ulisomeka vizuri, na ulikuwa kabla ya kuhamishwa. Lakini nyuma ya kilima, mahali vidoto vilipoanza kusongamana, palikuwa na tundu. Tundu lenye umbo la mkono wa shati.

Alikimbilia msumari. Akageuza mkono wa kwanza, wa pili, na uliofuata ukaingia kwenye tundu kama ulivyotoka. Hakutafuta gundi. Aliupitisha kwenye cherehani, akaushona mahali pake kwa uzi mweupe, na ndipo akaona, karibu na mshono, alama ndogo nyeusi na neno la Kiingereza la josho. Kando ya barabara ramani haikuonyesha josho lolote.

Alimpigia Makongoro simu, akamweleza kwamba lile la barabarani lilijengwa baada ya watu kuhama, na kwamba mama alikuwa sahihi siku zote. Makongoro alinung'unika kuhusu katekista, lakini Alhamisi asubuhi alikuwa anamsubiri Butiama na panga mkononi.

"Kwa hiyo mdogo wangu, leo tunaongozwa na shati," alisema.

"Na usipofuata mshono, kaka, utabaki na mihogo yako."

Walizunguka kilima. Dorotea alipima ramani kwa futi yake ya nguo, sentimita mbili kwa kila kilomita. Kila alichokitafuta kilikuwepo: kwanza bega la kilima, kisha kijito kikavu, kisha mteremko. Alikuwa anatembea mbele ya mwanaume mwenye panga na hakuona miiba. Makongoro ndiye aliyejikwaa. Alifyeka nyasi kwa hasira, na chini yake likatokea josho lenyewe, handaki refu la zege lililopasuka, jembamba kiasi cha kupita ng'ombe mmoja mmoja.

Waliteremka kama ng'ombe waliotoka kuoga. Chini kulikuwa na minyaa iliyokuwa zamani uzio wa zizi, sasa miti mirefu iliyosimama kwa mduara, na kando ya pengo lake moja lilikuwepo jiwe, limezama nusu ardhini. Makongoro akavua kofia. Dorotea aliketi chini akacheka huku analia.

Jumamosi walimleta mama. Hawakumwambia lolote njiani, wakitaka wasikie atakachosema. Aliposhuka kwenye gari alishika bega la binti yake, akaanza kutembea, na mguu ukateremka. Akasimama kidogo, kisha akaongeza mwendo hadi Dorotea akalazimika kumzuia. Walimwongoza kwa mkono hadi kwenye jiwe. Alilipapasa taratibu, vidole vikaingia kwenye shimo lililochimbwa na mikono yake mwenyewe kwa miaka ya kusaga.

"Hili ni langu," alisema.

Katekista alifungua kitabu chake. Makongoro, kwa furaha, alikuwa ameshaanza kuchimba shimo la msalaba. Mama akasikia jembe, akageuza kichwa.

"Nani anachimba hapo? Sogea huku, mwanangu. Hapo ni langoni, ng'ombe watapita wapi?"

Makongoro alifukia shimo, akasogea.