Mchumba Wangu Ameitwa Mumiani, na Mimi Nilijua Ukweli

(Barua hii imetufikia kutoka bonde la Kilombero. Jina la mwenyewe tumelificha kama alivyoomba. Isomeni hadi mwisho, ndipo mseme.)

Mimi ni msichana wa miaka ishirini, naishi na wazazi wangu karibu na Kivukoni, Ifakara. Nimesoma misheni mpaka darasa la nne, na nyumbani kwetu ni mimi peke yangu ninayejua kusoma. Laiti nisingejua.

Nilikuwa na mchumba, nitamwita Luka. Ni mtoto wa hapahapa, mama yake ni mjane anayelima mpunga jirani na sisi. Luka alipata kazi Morogoro, kwenye karakana ya reli, nami nikajigamba kwa baba kwamba anatengeneza magari ya moshi. Kweli yenyewe ni kwamba alikuwa akifagia na kufuta mafuta. Lakini alikuwa na mapenzi yake: vigari vya moshi vya kuchezea, vile vya chuma ambavyo watoto wa Wazungu wakivivunja hutupwa. Luka aliviokota, akavifungua, akatia kamani, ile springi ya ndani, ya saa mbovu mahali pa ile iliyokatika, akachonga gurudumu kutoka kwenye ganda la risasi. Alipokuja likizo alinionyesha kimoja. Alipanga reli ya vipande vya mianzi nyuma ya nyumba ya mama yake, mama mwenyewe akiwa shambani, akazungusha ufunguo, kikaenda kikilia trrr, naye amelala kifudifudi mchangani, mwanamume mzima mwenye ndevu, anacheka. Akaniambia kwamba watu wa reli huiita injini inayovuta mabehewa "kichwa". "Hiki ndicho kichwa changu cha kwanza," akasema. Nilicheka naye, lakini moyoni niliona haya. Nikamwomba asimwonyeshe baba. Baba angesema nimechumbiwa na mtoto.

Basi wiki chache kabla ya Noeli ikaja barua yake kwa mkono wa dereva wa lori. Baba yangu ni mvuvi, hajui hata a, na kwa furaha aliwaita baba mdogo na majirani waje wasikie habari za mkwe. Nikasimama nikasoma kwa sauti, na maringo tele:

"Shikamoo baba. Mimi ni mzima. Kuna jambo nililokuwa nawaficha, sasa naona si vizuri kumficha mkwe. Vichwa vyangu vimefika vitatu. Cha tatu nilikipata kimevunjika shingo. Nimekifungua, nimetoa vya tumboni vyote, nimevisafisha kwa mafuta ya taa na kuvirudisha. Jumapili nikikaa navyo nasahau taabu zote. Noeli nitakuja navyo sandukuni, mvione kwa macho yenu."

Ninyi wa mijini mtacheka. Huku kwetu reli hatuijui. Wapimaji walipita na vigingi vyao wakaenda zao. Tunaowajua ni mumiani, watu wanaosemwa kuwakamata wenzao na kuwanyonya damu, na mwezi ule uvumi ulikuwa umezidi mpaka wanawake hawaendi kisimani peke yao.

"Rudia hapo," baba akasema.

Nikarudia.

"Vichwa?"

"Vichwa, baba."

Baba mdogo akatema mate. "Ndiyo maana siku hizi anavaa viatu."

Pale ndipo pa kusema. Maneno matatu tu: ni vya kuchezea. Lakini nikafikiri, nikisema hivyo baba atajua pia kwamba Luka si fundi, ni mfagiaji, na kwamba nimemdanganya mwaka mzima. Tena siku zile aliyemtetea mumiani naye alikuwa mumiani. Nikajidanganya kwamba yatapita, kwamba akija atafungua sanduku na wataona wenyewe.

Hawakumpa nafasi ya kulifungua. Siku mbili kabla ya Noeli alikuwa akija kwa miguu kutoka lori lilipomshusha, sanduku begani, na wanaume walikuwa wakimngoja kando ya mto na makasia na virungu. Nilifika mbio nikamkuta chini, damu zinamtoka puani, na aliyesimama juu yake na kasia ni baba yangu. Luka alikuwa akipiga kelele, "Fungueni! Fungueni muone!" Nani angethubutu? Walilifunga kamba wakaliburuta ili wasiliguse, wakalitosa majini. Luka aliponiona akatulia. Akasema, "Waambie."

Wote wakanigeukia. Nikatazama chini.

Ndugu zangu, sikusema. Yeye hakunitukana. Alijiinua, akarudi njia aliyojia. Nimemwandikia barua tatu, hajajibu hata moja, na najichukia kuliko anavyoweza kunichukia yeye.

Sasa ni miezi sita. Baba amekuwa shujaa wa kijiji, kila penye pombe anasimulia alivyoniokoa, na amenitafutia mchumba mwingine. Nikisema kweli, itajulikana kwamba yeye ndiye aliyempiga mtu asiye na kosa, na mimi ndiye niliyemshikisha kasia. Mama yake Luka, kwa upande wake, hakuna anayempa hata moto wa kuwashia jiko. Mpunga wake ndege wanaula shambani, hapana mtu wa kumsaidia kuvuna.

Wiki iliyopita alinikuta kisimani. Nikamwamkia kwa shida.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Wewe uliisoma ile barua kwa macho yako. Niambie mimi. Nimezaa mwuaji?"

Nikamjibu, "Sijui, mama."

Akanishukuru. Wasomaji, alinishukuru, akajitwika mtungi wake akaenda.

Luka sidhani kama nitampata tena, na simstahili. Lakini huyu mama siku hizi hata kanisani haonekani, na wanasema hali chakula. Nimfuate yeye kwanza kwa siri, au nimwambie baba mbele ya watu walewale? Nishaurini, nifanye nini? Na mwenye la kusema aseme upesi, kabla sijajibiwa na msiba.