Kigingi cha Kitambaa Chekundu

Asubuhi hii mgeni amenipa mpira wake wa gofu niufute mchanga, na uzito wake umenirudisha utotoni, kwenye shamba la mihogo la nyanya yangu. Mzungu aliyekuja kuchora uwanja huu wa gofu alipita pale na ramani, akachomeka kigingi chenye kitambaa chekundu, kisha akanipa mpira kama huu. Nikauficha ndani ya nguo.

Jioni nyanya alikiona kigingi, akasimama ghafla. Kwetu, kijiti kilichofungwa kitambaa ni koma, makao ya roho ya marehemu.

"Nani kasimamisha koma shambani mwangu bila kuniambia?" aliuliza. "Amekufa nani?"

"Sijui, nyanya."

Mpira ulinigandamiza tumboni, nikaogopa asije akauona. Nilitaka kusema ni alama ya kupimia tu, lakini angeuliza nimejuaje, na mpira ningenyang'anywa.

Akaenda nyumbani, akarudi na kata ya tembo la mnazi. Alipiga magoti, akakimiminia kigingi polepole huku akiwataja wafu wetu mmoja mmoja. Kisha akakishika kwa mikono miwili, akakiomba kitulindie shamba.