Nilivyojaza fomu ya shangazi kumtafuta mumewe kwenye mafaili ya jeshi

Wakuu, heshima zenu. Hii siongezi chumvi, maana aliyeharibu ni mimi mwenyewe.

Miaka ya vijiji vya Ujamaa nilikuwa katibu wa kijiji huku Kisanga. Kaunda suti moja, mhuri mfukoni, najiona waziri.

Mume wa shangazi yangu Debora alichukuliwa na Mwingereza kwenda kupigana Burma. Hakurudi, na barua ya kifo haikuja.

Wazee wa ukoo wakasema bila habari ya uhakika hakuna matanga. Shangazi akasubiri mpaka mkoloni akafunga virago. Uhuru ukaja, mvi zikaja, bado si mke wala mjane.

Kwenye daftari la kijiji, mkuu wa kaya lazima awe mwanaume. Basi kaya yake ikaandikwa jina la mume. Kila Jumatatu nikisoma watoro wa shamba la kijiji, naye yumo! Mtu alipotelea Burma, mimi namtangaza mvivu, shangazi amekaa pale anasikia. Naona aibu mpaka leo.

Tukaja kusikia mafaili ya askari wa zamani yanatunzwa Dar, kwenye kumbukumbu za jeshi. Shangazi akaja ofisini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Niandikie. Nataka kujua kama alikufa, nimlilie."

Nikajaza fomu kwa mbwembwe. Penye "mwombaji" nikafuata daftari, nikaandika jina la mkuu wa kaya, yaani yule yule mume anayetafutwa. Mhuri, paa! Nikadandia lori hadi posta Mikumi.

Mwaka na ushee baadaye bahasha ikafika. Kijiji kizima kikajaa ofisini. Nikasoma kwa sauti:

"Ndugu, jalada lako limepatikana. Ni siri. Fika mwenyewe na kitambulisho."

Sijui kama walifungua hata ukurasa wa kwanza, hao wasomi wetu!

Nikasema nitaandika upya. Shangazi akanyanyuka.

"Acha, mwanangu. Na wao wamsubiri. Mimi zamu yangu nimemaliza."

Wiki hiyo akanyoa nywele, akaweka matanga. Wazee wa ukoo walikuja, wakala, hawakuuliza cheti.

Nami nikafuta jina la mume kwenye daftari, nikaandika Debora, mkuu wa kaya. Sikuomba ruhusa ya mtu.

Jumatatu nikasoma watoro, jina la mumewe halimo. Hapo ndipo shangazi alipolia.

Nilichojifunza: ukipewa mhuri, mtazame kwanza mtu aliyekaa mbele yako, daftari baadaye.

Wenye babu zenu kwenye mafaili hayo, mlijibiwaje? Au nao waliitwa wafike wenyewe?