Maji ya Kunawa

Nikimenya tangawizi mbichi, namkumbuka kibarua wa bibi. Kwao, ng'ambo ya mpaka wa magharibi, alipigana upande wa waasi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alitekwa, akakaa gerezani miaka mingi, na alipotoka akakimbilia huku milimani kwetu Upareni.

Siku ya kwanza ya kuchimba tangawizi, bibi alipakua makande. Nilibeba birika na beseni, nikamwendea mgeni kama nilivyofundishwa.

"Lete mikono, mjomba."

Akainamisha kichwa. Akanyoosha mikono miwili iliyobanana, makovu ya kamba yakizunguka vifundo, akangoja.

Bibi alinipokonya birika.

"Nawa, mwanangu," alimwambia taratibu. "Ni maji tu."

Akanawa. Lakini mikono hakuiachanisha mpaka bibi alipomruhusu.