Mimi Huangalia Upande wa Ndani

Niliacha shule darasa la tatu, lakini maneno yangu yametoka kwa gazeti mara nyingi kuliko ya yule mwalimu aliyekuwa ananichapa. Mjukuu wangu ndiye huyapeleka. Kazi yake huko Nairobi ni kuzunguka kwenye maonyesho ya sanaa. Anaangalia michoro na vinyago vya watu weusi, wa huku kwetu na wa ng'ambo, halafu anaandika kama ni kazi ya maana ama ni takataka. Analipwa kwa hiyo. Kanisa lote nimeliambia.

Tangu babu yake azikwe niko peke yangu hapa Mumbuni. Nyumba iko na viti sita, mimi nakalia kimoja. Kila Jumamosi asubuhi mjukuu alikuwa ananitumia picha kwa simu, kisha anapiga, ananiita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba.

"Susu, unaona nini?"

Ninamwambia. Siku moja ilikuwa kazi ya mchoraji mweusi wa Marekani, chumba kitupu na kiti katikati. Nikasema, "Huyo alimaliza rangi kabla hajamchora mtu. Ama mtu ametoka saa hii tu. Angalia mto wa kiti, bado umebonyea." Alicheka mpaka akakohoa, na hayo ya mto akayaandika, akasema ni ya nyanya yake wa Machakos. Siku hizo tulikuwa tunaongea mpaka chai inapoa.

Halafu nikaharibu. Alinitumia kazi ya rafiki yake, nikasema inafanana na matapishi ya mbuzi. Wiki tatu simu haikulia. Nilikuwa naitoa kwa chaji naiweka tena, nikidhani imekufa. Alipopiga, nilikuwa nimejifunza adabu. Kila picha nikasema, "Nzuri, mwiitu wakwa, binti yangu. Nzuri sana." Na unajua kilichotokea? Simu ikawa ya dakika mbili. Mtu anayesifu kila kitu utaongea naye nini? Lakini dakika mbili ni dakika mbili. Nikazishikilia.

Mwaka huu maonyesho yakaja hapa Machakos mjini, kwa ukumbi. Akaja kunichukua mwenyewe. Nilivaa vile viatu vya harusi za watu.

Kazi iliyokuwa inaongelewa na kila mtu ilikuwa pazia la mkonge, limening'inizwa ukutani, refu kuliko mlango wa kanisa, rangi ya udongo na nyeusi, mistari kama ya kiondo, kile kikapu chetu. Mjukuu alinisomea karatasi iliyobandikwa kando yake: limesukwa kwa mkono, uzi kwa uzi, kwa heshima ya akina nyanya wa Ukambani. Halafu akanisomea daftari lake. Alikuwa ameshaandika nusu. Alikuwa ameandika kwamba mkono wa nyanya yake uko ndani ya pazia hilo. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Sasa sikiza. Mwanamke wa kwetu hanunui kiondo kwa kukiangalia nje. Anakipindua, ndani kunakuja nje, kwa sababu mafundo yanafichwa ndani, na mvivu pia hujificha huko. Kiondo changu cha kwanza mama mkwe alikipindua mbele ya kikundi kizima cha wasusi, akakitupa kwa magoti yangu. Nilikifumua chote nikasuka upya.

Kwa hivyo mkono ulienda wenyewe. Nikashika pindo la pazia, nikalipindua.

"Mama, hairuhusiwi kushika," askari wa mlangoni akasema.

"Sishiki. Nasoma."

Nyuma kulikuwa na turubai, na huo mkonge wote umebandikwa juu yake kwa gundi. Hakuna uzi uliopita chini ya mwingine. Hakuna fundo hata moja.

"Ni nzuri, ama vipi, Susu?" mjukuu akauliza.

Lile jibu la dakika mbili lilikuwa limefika kwa ulimi. Nikakumbuka Jumamosi, na vile viti vitano. Lakini alikuwa ameandika mkono wangu, na mkono wangu haukuwa pale.

"Nje ni nzuri," nikasema. "Ndani ni uongo. Hii haijasukwa, imebandikwa. Kubandika si dhambi, abandike. Lakini asiandike hapo kwa ukuta ati amesuka kwa heshima yangu. Na wewe umeandika kabla ya kupindua."

"Susu, kila mtu ameisifu."

"Hao hawakuwa na mama mkwe."

Hakucheka. Aliinama akaangalia lile pindo muda mrefu, akafunga daftari. Nje akanipandisha bodaboda, akamwambia mwenye pikipiki aende polepole, yeye akarudi Nairobi. Nilipofika nyumbani nilivua viatu, nikapika ugali wa mtu mmoja, ambao mpaka leo sijui kuupima.

Jumamosi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Sikujuta kusema. Kilichoniuma ni kwamba hakukuwa na mtu wa kumwambia sijuti.

Jumamosi ya tatu simu ikalia mlio wa ujumbe. Nikavaa miwani. Ilikuwa picha tu, bila maneno: mbao mbili zimepigwa misumari, kitambaa kimekunjwa pembeni, doa la rangi limepenya. Niligeuza simu huku na huku kabla sijaelewa. Alikuwa ameupiga mchoro picha kutoka nyuma.

Kisha simu yenyewe ikaanza kulia. Niliiacha ilie kidogo, asije akafikiri nilikuwa nimekaa nikiingoja.