Niliformat hard disk iliyokuwa na sauti ya kukhu

Wakuu, salamu kutoka Kakamega. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, na sehemu zinazoniaibisha sijazitoa.

Kazi yangu ni kushoot na kuedit video. Sikusomea popote, nilijifunza kwa simu. Shida yangu ni moja: kazi haitoki mkononi mpaka iwe safi kabisa.

Mwaka jana nilimrekodi nyanya yangu, kukhu, nyumbani kwake Lubao. Saa mbili nzima akisimulia maisha yake na kutucheka.

Miezi miwili baadaye akafariki.

Senge, dada ya baba, akaanza kuiomba hiyo video. "Nitumie tu vile iko." Nikamwambia angoje, rangi ya uso haijakaa sawa. Akangoja. Nikarekebisha. Nikafuta, nikaanza upya.

Video zenyewe zilikuwa kwa hard disk pekee. Kwa laptop nilikuwa na project ya editing, na niliamini (hapa mnicheke) kwamba project hubeba video ndani yake. Sikuwahi kuangalia ukubwa wake. Ilikuwa ndogo kuliko picha moja ya simu.

Sasa nikamaliza harusi ya mteja wa Bukura, faili moja la GB 11. Hard disk ikalikataa, eti ni kubwa mno. Kusoma mtandaoni, kumbe disk ilikuwa FAT32, haipokei faili moja linalozidi GB 4. Za kukhu ziliingia kwa sababu kamera ilizikata vipande vipande.

Dawa ni kuformat iwe exFAT, inayopokea faili kubwa.

Kompyuta ilinionya kila kitu kitafutika. Nikabonyeza OK, nikijua kukhu yuko kwa laptop.

Nikahamisha harusi na clips zake zote, disk ikajaa. Ndipo nikafungua project ya kukhu.

Nyekundu kila mahali. Media Offline, yaani project haizioni video zake.

Fundi mmoja hapa mjini alitikisa kichwa. "Boss, ungeileta kabla hujaweka hii harusi. Umeketisha wageni juu ya nyanya yako."

Senge nilimwambia ana kwa ana. Hakupiga kelele.

"Rangi? Mama yangu alikuwa na kasoro gani ya rangi?"

Nilichojifunza: nakala mbili, sehemu mbili, na uzifungue uone zinacheza kabla hujaformat chochote. Na kama kuna mtu anangoja video kwako, mpe leo na makosa yake.

Wenye ujuzi, data iliyoandikiwa nyingine juu yake inaweza kurudi? Fundi alisema haiwezekani. Bado nauliza.